Mwinyi Kheri: Tajiri wa Ujiji aliyejua thamani ya gunia la mchele

Msimu wa mavuno ukifika, magari yenye maharage, ndizi na kahawa huteremka kutoka Kalinzi kwa barabara ya Manyovu, yakapita Mwandiga na kuingia Kigoma mjini. Baadhi ya mizigo hiyo huishia Ujiji. Mkulima anayeshuka hapo kwa mara ya kwanza huona mji mtulivu wenye miembe mikubwa, misikiti, mwalo wa dagaa na mabaraza ambayo wazee hukaa jioni. Ni vigumu kumshawishi kwamba miaka 150 iliyopita hapa ndipo kila mwenye mali kati ya Tabora na Manyema alipotaka kuonekana, kukaribishwa barazani na kula.

Mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wengine katika mji huo kwa miaka mingi aliitwa Mwinyi Kheri. Wasafiri wa Ulaya waliliandika jina lake kwa namna nyingi, wengine Muini Kheri, wengine Moenyeghere, lakini wote walikuwa wakimzungumzia mtu mmoja. Alikuwa mtu wa Mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja. Hakuwa Mwarabu wa Oman, jambo ambalo lilikuwa na uzito katika mji ambao Waarabu na watu wa Mrima walikaa mitaa tofauti na kutazamana kwa wivu wa biashara.

Wakati Burton na Speke wanafika Ujiji Februari 1858, walikuta kijiji cha kawaida cha nyumba za nyasi, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wachache, wengi wao wakija na kuondoka. Chakula kilikuwa cha kubahatisha kwa mgeni asiye na mwenyeji. Miaka 20 baadaye hali ilikuwa imegeuka kabisa. Kulikuwa na nyumba za matofali ya udongo zenye baraza pana, mashamba ya mpunga na ngano, bustani za vitunguu, na mitumbwi mikubwa yenye tanga. Mageuzi hayo hayakuletwa na mtu mmoja, ila hakuna aliyenufaika nayo kwa muda mrefu kama Mwinyi Kheri.

Alianza kwa njia ambayo mfanyabiashara yeyote mgeni angeifuata leo, yaani alitafuta wenyeji. Alioa katika familia ya watawala wa Wajiji, na kwa ndoa hiyo akapata kitu ambacho shehena ya vitambaa isingeweza kununua. Ujiji haikuwa koloni la Sultani wa Zanzibar. Ardhi ilikuwa ya Wajiji, soko lilikuwa chini ya watawala wa Wajiji, na watu wa pwani walikaa pale kwa ruhusa. Waliolisahau jambo hilo walipata shida. Mwinyi Kheri hakulisahau, na ndiyo maana wenzake walikuja na kuondoka yeye akabaki.

Soko lenyewe linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu utajiri wake ulisimama juu yake. Kila asubuhi watu walikusanyika uwanjani karibu na ziwa. Waha waliteremka kutoka vilimani, upande ule ule ambao mkulima wa Kalinzi anatoka leo, wakiwa na mtama, ulezi, maharage, kuku, mbuzi, kondoo wenye mkia mnene na samli. Kutoka Urundi yalikuja mawese. Wavinza walileta chumvi. Kutoka Uvira kulikuja chuma na kutoka Ubwari samaki wakavu. Wajiji wenyewe waliuza samaki wabichi, ndizi na mboga. Katikati ya vyakula hivyo ziliuzwa pembe za ndovu, na waliuzwa watu.

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Februari 1874, alieleza jinsi malipo yalivyofanyika. Fedha ya soko hilo ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Asiyekuwa na sofi hakununua kitu. Kwa hiyo walikuwapo watu waliokaa sokoni na mifuko iliyojaa shanga hizo. Soko likifunguliwa, waliwapa wanunuzi sofi na kupokea shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, waliwageukia wauzaji ambao sasa walikuwa na sofi mikononi, wakazinunua tena. Faida ilipatikana asubuhi na ikapatikana tena soko lilipovunjika, na mtaji haukutoka nje ya uwanja. Wenye maduka ya kubadilisha fedha wa siku hizi wasidhani kazi yao ililetwa na benki.

Ukiangalia mpangilio huo kwa jicho la uchumi, utaona kwamba mkulima wa vilimani ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua bei. Alitembea na mzigo kichwani kutwa nzima au zaidi, akauza kabla jua halijawa kali, kisha akalazimika kubadilisha shanga zake kwa yule yule aliyemkuta pale. Kurudi na mbuzi nyumbani hakukuwa jambo rahisi. Mnunuzi alilijua hilo. Hali hii haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kukaa na tenga la nyanya sokoni ikakaribia saa kumi jioni.

Mwinyi Kheri alisimama upande wa pili wa mizani. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alirudi Ujiji kwa mara ya pili na kuorodhesha mali za mkuu huyo, karibu kama afisa wa benki anayekagua dhamana ya mkopo. Orodha ilikuwa na watumwa 120, bunduki 80, pembe za ndovu frasila 80, nyumba mbili, shamba la ngano na mpunga, mitumbwi tisa yenye makasia na matanga, ng'ombe 40, mbuzi 20, magunia 30 ya ngano na magunia 20 ya mchele, pamoja na shehena ya nyaya za shaba na za chuma. Frasila moja ilikuwa ratili 35, hivyo pembe peke yake zilikuwa karibu kilo 1,270.

Orodha hiyo isomwe polepole. Kitu cha kwanza ndani yake ni watu. Watumwa 120 ndio waliolima shamba la mpunga, waliopiga makasia ya mitumbwi tisa na waliobeba pembe kwenda pwani, na wao wenyewe walihesabiwa kama mali inayoweza kuuzwa. Hakuna namna ya kuusifu utajiri wa Mwinyi Kheri na kulipita jambo hilo. Gharama yake ya kazi ilionekana ndogo kwa sababu walioilipa hawakuwa na mahali pa kudai, na wengi wao walichukuliwa katika vijiji vya ng'ambo ya ziwa ambavyo baada ya hapo havikulima tena.

Mitumbwi tisa nayo haikuwa jambo dogo. Mitumbwi mizuri ilichongwa kutoka magogo makubwa ya misitu ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, na kuvutwa hadi majini. Aliyekuwa na mtumbwi mmoja alikuwa mvuvi. Mwenye tisa zenye matanga alikuwa na kampuni ya usafirishaji. Mfanyabiashara aliyetoka Unguja na vitambaa vyake alifika ukingoni mwa ziwa na kukuta kwamba pembe ziko upande wa pili, Uguha, Manyema na Uvira, na kwamba vyombo vya kumvusha vina wenyewe. Mwinyi Kheri na watu wake walijikita hasa katika biashara ya kaskazini ya ziwa, kuelekea Uvira, ambako kwa miaka mingi hakuna aliyewapita.

Kisha kuna magunia 50 ya nafaka. Kwenye orodha yenye pembe na bunduki, magunia yanaonekana kama nyongeza tu. Hata hivyo msafara ulipotoka Tabora ulipita nchi yenye sehemu kubwa isiyo na chakula cha kununua, na ulipofika Ujiji watu walikuwa na njaa. Wapagazi wenye njaa hutoroka, na mizigo ya mwenye msafara hubaki chini. Siku hiyo pembe ya ndovu haikuwa na faida yoyote kwa mwenye msafara. Mchele ndio uliokuwa na bei. Mwenye ghala la chakula ukingoni mwa ziwa alikuwa na uwezo wa kusema msafara uondoke lini na kwa masharti gani. Mwinyi Kheri alilima ngano na mpunga kwa sababu hiyo, si kwa ajili ya mlo wa nyumba yake peke yake.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana zaidi mwaka 1871, vita ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe ilipofunga njia ya Tabora. Bidhaa za pwani zikapungua Ujiji. Waliokuwa wakisubiri mizigo wakasubiri miezi. Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwezi Machi mwaka huo, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo na kupanda tena Uvinza, kisha akaingia Uha. Huko watawala wa Waha walimtoza hongo ya vitambaa kituo baada ya kituo, hadi mwisho akaamua kuwapita wengine usiku kwa kunyata. Msafirishaji wa mazao aliyewahi kuhesabu mageti ya ushuru kati ya shamba na soko anaweza kumwonea huruma, ingawa Waha nao walikuwa na hoja yao, kwamba nchi ni yao na njia ni yao.

Wiki chache kabla ya Stanley kufika, alikuwa ameingia Ujiji mzee mmoja Mskochi, amedhoofika kabisa. Huyu alikuwa David Livingstone. Alitoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa pwani waliingia sokoni na bunduki na kuwaua wauzaji, wengi wao wanawake waliokuja na vyakula vyao. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo, akaona, na hakuweza tena kuendelea na safari akiwa pamoja na watu hao. Akageuka kurudi Ujiji, akiamini kwamba mizigo aliyotumiwa kutoka Zanzibar inamsubiri.

Haikuwapo. Mizigo ilikuwa imekabidhiwa kwa mtu mmoja aliyeitwa Sherif, fundi cherehani aliyetumwa kuisindikiza kutoka pwani. Sherif alipiga ramli kwa Kurani, akasema Livingstone amekufa, akauza kila kitu kwa pembe na kwa mahitaji yake mwenyewe. Aliyethibitisha habari hizo kwa Livingstone alikuwa Mwinyi Kheri. Alimweleza kwamba wao wakubwa wa mji walimkataza, lakini katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga haikubaki hata kete moja.

Hapa pana swali ambalo maelezo ya wakati ule hayalijibu vizuri. Mwinyi Kheri alikuwa na bunduki 80 na heshima ya mji mzima. Kwa nini alikataza kwa mdomo tu? Livingstone aliandika kwamba mali yake iliuzwa kwa marafiki wa Sherif kwa bei ya kutupa, na marafiki hao walikuwa wakazi wa Ujiji, wanaosali pamoja na kukopeshana. Kumzuia Sherif kungekuwa kuwanyang'anya majirani bidhaa za bei nafuu katika mwaka ambao njia ya pwani imefungwa na kitambaa ni adimu. Zaidi ya hayo, Sherif ndiye aliyekabidhiwa mzigo huko pwani. Mji haukuwa na hakimu wala ofisi ya forodha, na mwenye mali alisemekana kufa. Mkuu aliyeishi kwa kupatana na kila mtu hakuona sababu ya kuvunja mapatano kwa ajili ya mgeni asiyekuwapo. Huo ndio uliokuwa udhaifu wa uongozi wake, na ulijitokeza tena baadaye.

Kwa upande wa Livingstone, kosa lilikuwa la kawaida sana katika biashara ya mbali. Mzigo mkubwa ulitumwa mahali ambapo hakuna wakala mwenye dhamana, mikononi mwa mtu ambaye hasara haimgusi. Wakulima wengi wameshapoteza mazao yao kwa njia hiyo, wakimpa dalali mzigo kwa ahadi ya kulipwa baada ya mauzo. Si kila mwenyeji alimwacha mzee huyo apate aibu. Sayd bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu, alimwambia yuko tayari kuuza sehemu ya pembe zake ili ampatie bidhaa. Livingstone alimshukuru, akasema asubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa na akiba ndogo sana aliyoiacha akiba.

Stanley alitokea katika hali hiyo. Kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, ingawa kalenda yake na ya Livingstone hazikukubaliana. Watu walijaa njiani kupokea msafara wenye bendera ya Marekani na milio ya bunduki. Wakubwa wa mji, Waarabu na watu wa Mrima, walisimama pamoja na mzee, Mwinyi Kheri akiwamo. Baada ya salamu iliyokuja kujulikana dunia nzima, wageni hao wawili waliketi barazani kwa Livingstone, na muda si mrefu sahani zikaanza kuja.

Sayd bin Majid alileta vyakula vya nyama ya kusaga vikiwa bado vya moto, namna ya kababu. Mohammed bin Sali akaleta mchuzi wa kuku wa bizari. Mwinyi Kheri akaleta mbuzi wa mchuzi na wali. Stanley alifungua chupa ya mvinyo wa Kifaransa aliyoibeba kutoka pwani kwa ajili ya siku hiyo na kuimimina katika vikombe vya fedha. Livingstone, ambaye kwa muda alikuwa akila milo miwili tu tena ya kubania, alikula akaendelea kula. Mpishi wake, Halima, alikuwa na kazi nyingi siku hiyo.

Watalii wanaofika kwenye mnara wa kumbukumbu pale Ujiji husimuliwa salamu. Sahani hazitajwi sana, na kwa mfanyabiashara ndizo zenye habari. Wali wa Mwinyi Kheri ulitoka katika mpunga wa mabonde ya karibu, zao lililoletwa na watu wa pwani na kulimwa na watumwa wao. Mbuzi, kwa kawaida ya soko lile, walitoka vilimani kwa Waha. Chumvi ilitoka Uvinza. Bizari ya mchuzi wa kuku ilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kichwani mwa mpagazi. Sahani tatu barazani zilikuwa na mkono wa mfugaji, mchimba chumvi, mtumwa wa shambani na mpagazi, na wote hao hawakuwapo barazani.

Ukarimu huo ulikuwa wa kweli. Watu wa pwani walimlisha mgeni kwa sababu dini na desturi zao ziliwataka wafanye hivyo, na walishamlisha Livingstone mara nyingi kabla hajawa mtu wa magazeti. Lakini pia kila sahani ilikuwa tangazo. Mgeni mwenye shehena mpya amefika katika mwaka ambao bidhaa ni adimu, na kila tajiri alitaka aonekane wa kwanza. Ni desturi ambayo haijafa: mfanyabiashara akifika mjini na mtaji, chai ya saa nne hailipi yeye.

Mwinyi Kheri alijua kuitumia baraza kuliko wengine. Habari za bei za Unguja, za vita ya Mirambo, za nani amekufa Manyema na pembe zake ziko wapi, zote zilipita mbele ya kahawa na tende. Kahawa hiyo, ieleweke, ililetwa kutoka pwani. Arabika ambayo leo inaipa Kalinzi jina na kupita katika ushirika wa Kanyovu kwenda nje ilikuwa bado haijapandwa katika vilima hivyo. Mkulima wa juu aliteremka na maharage yake na kurudi bila kuonja kilichokuwa kikinywewa barazani.

Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta makaratasi ya Livingstone yamehifadhiwa salama na wakubwa wa Ujiji, tofauti kabisa na yaliyotokea kwa vitambaa. Mwaka 1876, alipofika Stanley kwa mara ya pili, mji ulikuwa umekua na kugawanyika vizuri zaidi, Waarabu wakikaa Ugoy na wengine Kawele. Mwinyi Kheri sasa aliitwa gavana. Ndui ilikuwa mjini ikiua watu kila siku, na biashara iliendelea hivyo hivyo. Misafara ilileta bidhaa na ilileta magonjwa, na vijiji vya njiani vililipa gharama ambayo haikuwekwa kwenye bei ya pembe.

Agosti 1878 walifika wageni wa aina nyingine. Wamisionari wa London Missionary Society, Edward Hore akiwamo, walitaka ardhi ya kujenga. Mwaka uliofuata walikuja mapadri wa White Fathers. Wafanyabiashara wa Ujiji walielewa upesi kwamba watu hawa wana barua za balozi wa Kiingereza huko Unguja, na kwamba balozi huyo amemlazimisha Sultani Barghash mwaka 1873 kufunga soko la watumwa na kukataza usafirishaji wao baharini. Wengine walitaka wageni hao wafukuzwe. Mwinyi Kheri alifanya kama kawaida yake, hakukubali na hakukataa. Aliwakaribisha, akawapa chakula, na ruhusa ya ardhi ikawa ya kesho na kesho kutwa. Kwa muda mbinu hiyo ilimfaa. Hakugombana na Zanzibar wala na jirani zake.

Mwaka 1881 Sultani Barghash alimtambua rasmi kuwa mwakilishi wake Ujiji na kumpa bendera. Kwa mtu wa Mrima aliyeishi kwa ruhusa ya wakwe zake Wajiji, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kiuchumi, thamani yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana. Bendera haikuja na askari wala mtaji. Ilikuja wakati Wabelgiji wanaingia eneo la ziwa na wakati mshindani mwenye nguvu zaidi, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, anajijenga mjini hapo. Rumaliza alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Barwani, mwenye ushirika na Tippu Tip, na alikuwa na haraka. Mwinyi Kheri alitumia miaka mingi kujenga uhusiano kijiji kwa kijiji kaskazini mwa ziwa. Rumaliza alitumia bunduki. Mashambulizi ya kutafuta watumwa katika pwani za ziwa yaliongezeka, na maeneo yaliyokuwa yakileta mawese na samaki sokoni yakaanza kukimbiwa na watu.

Haitakuwa haki kuweka mstari mzito kati ya wawili hao. Mpole alinunua watu kama yule mkali alivyowanunua. Tofauti yao ilikuwa kwamba Mwinyi Kheri alihitaji soko la chakula liendelee, kwa sababu mashamba, maghala na mitumbwi yake vilipata faida kila siku watu walipokuja kuuza kwa amani. Mwenye kutegemea pembe na utumwa peke yake hakuhitaji mwanamke wa Kiha arudi kesho na kuku.

Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Mwaka huo huo mkutano wa Berlin ulimalizika, na Ulaya ikaanza kuchora mipaka katikati ya ziwa alilokuwa akilivuka kwa mitumbwi tisa. Mji ukabaki mikononi mwa Rumaliza, naye mwaka 1894 alishindwa vita na Wabelgiji ng'ambo ya ziwa na hakurudia tena nguvu zake. Wajerumani wakachukua utawala. Biashara ya watumwa ikafungwa, tembo wakawa wamekwisha, na nyumba kubwa za Ugoy zikaanza kukosa wenye fedha za kuzikarabati. Pigo la mwisho lilikuja na reli. Mwaka 1914 njia ya reli kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani, na haikwenda Ujiji. Ilikwenda Kigoma, kilomita chache tu kaskazini, kwenye ghuba yenye kina cha kutosha kwa meli. Shehena, maghala na ofisi vikahamia huko, na wageni wenye mitaji wakaacha kupita Ujiji.

Pembe za ndovu frasila 80 ziliuzwa na kusahaulika. Watu 120 wa kwenye orodha ile hawakuandikwa majina, ingawa mkoani Kigoma na ng'ambo ya ziwa wapo wazao wao. Lililobaki katika biashara ile ni upande wa chakula. Mchikichi, uliokuwa ukileta mawese sokoni kabla ya msafiri yeyote wa Ulaya kufika, tangu mwaka 2018 umekuwa zao ambalo serikali inalisukuma Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu zake. Dagaa na migebuka bado huanikwa na kuchomwa mialoni. Maharage ya vilimani bado huteremka asubuhi, na bei yake bado husikika kwanza mjini kabla ya kusikika Kalinzi.